Wanazuoni Wanapopingana: Kwa Anayeanza Kusoma Jamii, Dini, Falsafa na Afya

Ukianza masomo haya, kinachochanganya mapema si ugumu wa vitabu. Wiki hii unafundishwa kwamba dini ndiyo inayoishikamanisha jamii, wiki ijayo unaambiwa inawatuliza wanyonge wasidai haki yao, na waliosema hayo wote ni wakubwa. Wanafunzi wengi hukimbilia sentensi moja: "Kila mtazamo una ubora na udhaifu wake." Nakuomba uiache. Nimesahihisha insha nyingi zinazoishia hapo, na mara nyingi mwandishi hajajiuliza hata kidogo watu hao wanabishania nini.

Anza na hilo. Karl Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani, mwaka 1844, alikuwa akiuliza kwa nini watu wanaoteseka huendelea kuvumilia. Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Kifaransa, mwaka 1912, alitaka kujua nguvu ile ambayo waumini huihisi wakikusanyika inatoka wapi, na jibu lake likawa kwamba inatoka kwa jamii yenyewe. Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, katika makala zake za 1904 na 1905, aliuliza kama imani inaweza kubadili namna watu wanavyofanya kazi na kutunza mali. Hayo ni maswali matatu. Ukiwapanga kwenye jedwali la "wanaounga mkono" na "wanaopinga", unawagombanisha watu wasiokuwa na ugomvi. Palipo na ugomvi kweli ni kati ya Weber na wafuasi wa Marx: je, fikra zinaweza kuusukuma uchumi, au uchumi ndio unaozaa fikra? Hapo huwezi kuwapa wote haki kirahisi.

Halafu msome mwandishi mwenyewe kabla ya kumsoma mpinzani wake. Karibu kila mtu anajua kwamba Marx aliiita dini afyuni ya watu. Wachache wamesoma sentensi zinazotangulia, ambamo anasema mateso ya kidini ni mateso halisi yanayojitokeza, na papo hapo ni malalamiko dhidi ya mateso hayo. Dini ni kite cha kiumbe anayeonewa. Bado anaipinga, lakini hamdharau anayeswali. Insha iliyojengwa juu ya neno afyuni peke yake inampinga mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Swali la pili ni la ushahidi, na hapa mjadala wa falsafa ya Kiafrika unafundisha kuliko mwingine wowote ninaoujua. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, mwaka 1969, alidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Aliegemea sana vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Mwanafalsafa Kwame Gyekye akamjibu kwa ushahidi wa Waakan wa Ghana, ambao lugha na fikra zao zinaubeba wakati ujao wa mbali bila shida. Tazama aina ya hoja hiyo: Gyekye anakubali kwamba swali ni halali, anachokataa ni kulisemea bara zima kwa lugha mbili.

Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, anakwenda mbali zaidi. Yeye anakataa kwamba mtazamo wa pamoja wa kabila, ambao hakuna mtu anayesimama kuutetea kwa hoja zake mwenyewe, unastahili kuitwa falsafa. Ushahidi wa vitenzi, hata uwe mwingi kiasi gani, haumgusi. Aliyemgusa ni mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Kenya, aliyewafuata wazee wenye hekima na kumhoji mmoja mmoja kwa jina lake, akitafuta wale wanaoweza kuzikosoa mila za jamii zao wenyewe. Ukiweza kueleza kwa nini jibu la Oruka linamfikia Hountondji na lile la Gyekye halimfikii, umeshauelewa mjadala.

Kwa upande wa afya, chukua mtu mmoja umpitishe katika kila nadharia. Tuseme ni mama mwenye kisukari. Anatumia dawa bila kukosa, anafanya kazi, analea wanawe. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema afya ni ukamilifu wa hali njema ya mwili, akili na jamii, wala si kukosa maradhi tu. Kwa kipimo hicho mama huyu hana afya, na sijui ni nani anayo. Mwanafalsafa Christopher Boorse, mwaka 1977, alisema tutazame kama viungo vinafanya kazi yake ya kawaida. Sukari yake haidhibitiwi kama kawaida, basi ni mgonjwa, hata akijisikia vizuri. Daktari Machteld Huber na wenzake, mwaka 2011, walipendekeza tuiangalie afya kama uwezo wa kukabiliana na hali na kuyasimamia maisha yako. Kwao, mama huyu huenda ana afya kuliko jirani yake asiye na ugonjwa wowote.

Mtu ni yule yule na majibu yanatofautiana, kwa hiyo hapa lazima uchague na useme sababu. Mimi naegemea upande wa Huber, kwa kuwa wanaoishi na maradhi ya kudumu ni wengi, na kuwahesabu wote kuwa wamepungukiwa hakuelezi maisha wanayoishi. Ila kuna pingamizi moja ambalo sijapata jibu lake kamili: mwenye bajeti anaweza kumtazama mama huyo, akaona anavyojimudu, akaamua kwamba dawa si za lazima sana kwake. Anajimudu kwa sababu dawa zipo. Ukiandika kuutetea upande huu, pingamizi hilo liweke kwenye aya ya kwanza, usilifiche mwishoni.