Maswali ya Wasomaji: Ujumbe wa DEBUG unapotelea wapi?

Swali: Ndugu mhariri, programu yangu ya Python huandika logi kwenye faili. Nimeweka `logger.setLevel(logging.DEBUG)`, lakini faili linapata WARNING na ERROR tu. Nakosea wapi?

Jibu: Ujumbe hupita milango miwili kabla ya kuandikwa. Wa kwanza ni loga, inayopokea ujumbe kutoka kwa programu, wa pili ni hendla, yaani kile kinachopeleka ujumbe kwenye faili au skrini. Wewe umefungua wa kwanza peke yake. Kila kiwango kina namba: DEBUG 10, INFO 20, WARNING 30, ERROR 40, CRITICAL 50. Ujumbe hupita pale namba yake inapofikia au kuzidi ile ya mlango. Tafuta mahali ulipounda `FileHandler` (hendla ya faili, hapa tuiite `fh`), ukikuta `fh.setLevel(logging.WARNING)`, umempata mwizi.

Usipoikuta, kagua majina ya loga. Moduli inayotumia `getLogger("malipo")` si mtoto wa loga inayoitwa "duka", hata kama zote zimo katika programu moja. Loga isiyowekewa kiwango hufuata cha mzazi, na juu kabisa ipo loga mzizi ambayo huanza na WARNING. Iite "duka.malipo", ukoo utaungana. Wengine hukimbilia kuiweka loga mzizi kwenye DEBUG. Itafanya kazi, ila maktaba ulizoziingiza nazo zitaanza kumwaga maelezo yao, na itakubidi uzinyamazishe moja moja, kwa mfano `logging.getLogger("urllib3").setLevel(logging.WARNING)`.

Kabla ya kubadilisha chochote, chapisha `logger.getEffectiveLevel()` na `logger.handlers` ndani ya moduli yenye tatizo. Kama orodha ya hendla ni tupu, angalia na za wazazi wake, maana ujumbe hupanda kwao. Na kama unatumia `basicConfig`, njia ya mkato ya kupanga logi, kumbuka kwamba haifanyi lolote, wala hailalamiki, ikiwa loga mzizi tayari ina hendla. Tangu Python 3.8 unaweza kuilazimisha kwa `force=True`.

Swali: Nataka INFO ziende faili moja na ERROR faili jingine. Sasa hivi makosa yanaandikwa kote kuwili.

Jibu: Kiwango ni sakafu, hakina dari. Dari utaiweka kwa kichujio kwenye hendla ya faili la INFO, hapa `h_info`:

`h_info.addFilter(lambda r: r.levelno < logging.ERROR)`

Kifunge kwenye hendla, si kwenye loga: kichujio cha loga hakiulizwi kuhusu ujumbe uliopanda kutoka kwa loga watoto, kwa hiyo nusu ya makosa yatapenya bila wewe kujua kwa nini. Hata hivyo, ushauri wetu ni kuyaacha makosa yaonekane kote kuwili. ERROR iliyotengwa na mistari ya INFO iliyoitangulia hukueleza kilichovunjika bila kukuonyesha programu ilikuwa ikifanya nini.

Swali: Huduma yangu inaendeshwa na systemd (msimamizi wa huduma katika Linux) na inaandika neno ERROR waziwazi, lakini `journalctl -p err`, amri ya kuonyesha logi za makosa, haileti kitu.

Jibu: systemd haisomi neno lililomo ndani ya mstari. Mstari wowote unaotoka kwenye stdout au stderr (njia za kawaida ambazo programu hutolea matokeo na makosa) hupewa kiwango cha info, usipoiambia vinginevyo. Viwango vyake ni vya syslog, mfumo wa logi wa Unix, na namba zake zimepinduliwa ukilinganisha na za Python: 0 ndiyo hatari kuliko zote, 7 ni debug. `-p err` inachukua 0 hadi 3, na mistari yako imekaa kwenye 6.

Anza mstari wa ERROR na `<3>`, WARNING `<4>`, INFO `<6>`, DEBUG `<7>`. systemd huiondoa alama hiyo kabla ya kuhifadhi ujumbe. Wengi hukwama kwenye hitilafu inayochapisha mistari mingi, kwa sababu kila mstari huhesabiwa peke yake. Wa kwanza utakuwa err, iliyobaki itarudi info, na `-p err` itakuonyesha kichwa bila kiwiliwili. Ndani ya fomata yako, yaani kile kinachopanga sura ya ujumbe, ujumbe ukishakamilika, badilisha kila `"\n"` iwe `"\n<3>"` kwa ujumbe wa kiwango hicho.