Kuishi imani yako ukiwa kazini

Ndugu yangu katika Kristo, umeeleza kwamba kanisani unasali kwa moyo wote, lakini kazini huwadanganya wateja kuhusu siku ambayo mizigo yao itafika, na sasa unajiona mnafiki. Nakusihi usiache kusali kwa sababu ya aibu hiyo, kwani dhamiri inayokuchoma bado iko hai.

Ningekushauri uanze na ulimi, kwa kuwa ndipo ulipojikwaa. Katika Mathayo 5:37 Yesu anataka ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, maneno aliyoyasema alipokuwa akikataza viapo, maana mtu ambaye neno lake linaaminika hana haja ya kuapa. Kesho mteja akiuliza, mwambie wazi kwamba mzigo umechelewa, hata kama atakasirika. Na wale uliokwisha kuwadanganya, waendee uwaombe radhi, na pale walipopata hasara kwa sababu yako, ilipe kadiri unavyoweza. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, hakuishia kufurahi kwamba Yesu ameingia nyumbani mwake, bali aliahidi kuwarudishia mara 4 wale aliowadhulumu (Luka 19:8). Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, nami nikiwemo: tunatubu mbele za Mungu, kisha tunamwacha jirani na hasara yake.

Ikiwa ni mkuu wako anayekuamuru kudanganya, zungumza naye faraghani na kwa heshima kabla ya kufikiria kuacha kazi.