Maswali ya Wasomaji: Thamani ya Mtoto Ambaye Hajazaliwa

SWALI: Katika kundi letu la kujifunza Biblia tulisoma Kutoka 21:22, na mmoja wetu akasema kwamba Torati yenyewe haimhesabu mtoto aliye tumboni kuwa mtu, kwa kuwa aliyesababisha mimba kuharibika alitozwa fidia tu. Mwingine akaongeza kwamba Adamu alikuwa nafsi hai baada ya kupuliziwa pumzi, kwa hiyo mtoto huwa mtu anapovuta pumzi ya kwanza. Sikuwa na jibu, ingawa moyoni sikuridhika. Tuna msingi gani wa kusema kwamba uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa una thamani sawa na wetu? (Mwalimu wa shule ya Jumapili)

JIBU: Ndugu mwalimu, wenzako wanastahili kujibiwa kwa uzito, maana ni afadhali mtu anayefungua Maandiko akabishana nayo kuliko anayekariri msimamo wa kanisa bila kujua umetoka wapi. Wafasiri hawajakubaliana juu ya Kutoka 21:22, lakini tuuchukue mstari huo jinsi unavyosomeka katika Biblia yetu: watu wanagombana, mwanamke mwenye mimba anaumizwa katikati ya ugomvi wao, mimba inaharibika, na aliyemwumiza anatozwa fidia mbele ya waamuzi. Kinachohukumiwa hapo ni madhara ambayo hakuna aliyeyakusudia. Sura hiyohiyo, katika mstari wa 13, inamwekea aliyeua bila kukusudia mahali pa kukimbilia, na hakuna msomaji anayesema kwamba kwa sababu hiyo marehemu hakuwa mtu. Kisha shuka hadi mstari wa 32, ambako ng'ombe akimpiga mtumwa kwa pembe, mwenye ng'ombe humlipa bwana wa mtumwa huyo shekeli 30 za fedha. Ikiwa kulipwa fidia ni ushahidi kwamba aliyepotea hakuwa mtu, basi mtumwa naye hakuwa mtu, na sidhani kama mwenzako yuko tayari kuifuata hoja yake mpaka huko.

Kuhusu Adamu, yeye hakupita tumboni mwa mama. Mwili wake uliotokana na mavumbi haukuwa na uhai mpaka Mungu alipompulizia pumzi, ilhali mtoto aliye tumboni yu hai tangu siku ya kwanza, na oksijeni humfikia kwa damu kupitia kondo la nyuma na kitovu. Siku ya kuzaliwa anabadilisha njia ya kuipata hewa, na uhai wake ni uleule aliokuwa nao.

Mbegu ya baba inapoungana na yai la mama, kila moja ikileta kromosomu 23 (nyuzi ndogo zinazobeba sifa za urithi), hutokea kiumbe hai chenye kromosomu 46 ambacho si sehemu ya mwili wa baba wala wa mama. Moyo huanza kupiga takriban siku ya 22, wakati ambapo wanawake wengi ndio kwanza wanaanza kushuku kwamba wameshika mimba, na wiki ya nane inapokwisha viungo vyote vikuu vimekwisha kuanza kuumbika katika mwili wenye urefu wa sentimita tatu hivi. Nayataja haya kwa sababu ni kweli, lakini nakuomba usiijenge imani yako juu yake. Darubini inatuonyesha kwamba kuna kiumbe hai wa jamii ya binadamu, na swali la thamani yake inaliacha kwetu. Tukisema ana thamani kwa sababu moyo unapiga, atakuja mwingine aseme thamani huanza ubongo unapofanya kazi, na mwingine aseme ni pale anapojitambua, na kwa kipimo hicho watapungukiwa thamani pia mgonjwa aliyezimia, mzee aliyesahau majina ya wanawe na mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa akili.

Maandiko yanaanzia mahali pengine kabisa. Mwanzo 1:27 inasema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu kabla haijataja jambo lolote alilolifanya. Tumezoea kwenda moja kwa moja kwenye Zaburi 139, ambako Daudi anamwambia Mungu, "Uliniunga tumboni mwa mama yangu," na tunafanya vema. Hata hivyo, kwa swali lako ningependa uisome kwanza Ayubu 31:13-15, mistari ambayo naona tumeisahau. Ayubu anajichunguza kama aliwahi kuidharau haki ya mtumishi wake au ya mjakazi wake walipokuwa na shauri naye, na sababu anayoitoa ya kutowadharau ni kwamba aliyemwumba yeye tumboni ndiye aliyewaumba na wao. Tajiri mwenye maelfu ya kondoo na mjakazi asiye na kitu walikuwa sawa mahali pamoja, nako ni tumboni, mikononi mwa Muumba mmoja, kabla hajawapo aliyemiliki wala aliyemilikiwa. Kwa Ayubu, huko ndiko chimbuko la haki ya kila mnyonge. Anayesema kwamba tulipokuwa tumboni hatukuwa na thamani anaing'oa nguzo ambayo Ayubu aliitegemea katika kumtetea mtumishi wake.

Kisha kuna habari ya Mariamu na Elisabeti katika Luka 1, nami nakusihi uisome polepole ukihesabu miezi. Mimba ya Elisabeti ina miezi sita. Mariamu amepata habari ya malaika juzijuzi tu, anaondoka kwa haraka kwenda nchi ya milimani, na anapofika mimba yake haiwezi kuwa na zaidi ya siku au wiki chache. Hakuna jirani ambaye angeiona. Hata hivyo Elisabeti anamwita mama wa Bwana wangu, na kitoto kilichomo tumboni mwake kinaruka kwa shangwe mbele ya Yule ambaye kwa kipimo cha macho hakuwa zaidi ya chembe. Ndiyo maana makanisa mengi huadhimisha Kupashwa Habari tarehe 25 Machi, miezi tisa kamili kabla ya Noeli. Kama Mwana wa Mungu aliutwaa ubinadamu wetu kuanzia hapo, sioni tunawezaje kuyaita majuma hayo ya kwanza kuwa ni muda usio na mtu.

Wakristo wa kwanza waliamini hivyo katika ulimwengu usiowaunga mkono. Chini ya sheria ya Kirumi baba aliweza kuamuru mtoto mchanga akatupwe, na imehifadhiwa barua ya mwaka 1 kabla ya Kristo, iliyopatikana Misri, ambamo mume anamwagiza mkewe mjamzito kwamba akijifungua mvulana amwache aishi, na akiwa msichana amtupe. Fundisho la Mitume, linalojulikana pia kama Didake, ambalo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya kanisa nje ya Agano Jipya, linakataza pamoja kutoa mimba na kumwua mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Ni haki kukuambia kwamba walimu wakubwa kama Augustino na Thoma wa Akwino walidhani roho huingia baada ya mwili kuumbika kwa kiasi fulani, na kwamba leo pia wapo Wakristo wanaotofautiana nami, hasa kuhusu yale ambayo sheria ya nchi ikataze au iruhusu. Lakini Augustino na Thoma, pamoja na kudhani hivyo, walihesabu kuiharibu mimba kuwa dhambi nzito katika hatua yoyote, na askofu Basili wa Kaisaria katika karne ya 4 alikataa katakata kubagua kati ya mimba iliyoumbika na isiyoumbika.

Neno moja zaidi uwapelekee wenzako, kwa kuwa mada hii hufundishwa nusunusu. Kanisa linalomwondoa binti kwenye kwaya siku mimba yake inapoonekana, huku kijana aliyempa mimba akiendelea kupiga kinanda Jumapili hadi Jumapili, limemfundisha binti anayeketi benchi la nyuma kwamba mimba ni jambo la kufichwa kwa gharama yoyote. Haliwezi kushangaa akifanya alichofundishwa. Anayeamini kwamba mtoto aliye tumboni ni wa Mungu ana wajibu wa kuhakikisha kwamba mama yake ana chakula, ana mahali pa kulala, anahudhuria kliniki na haachi masomo.

SWALI: Mimba yangu ya kwanza ilitunga nje ya mji wa mimba. Nilifanyiwa upasuaji wa dharura katika wiki ya saba. Dada mmoja kanisani aliniambia kwamba ningemwachia Mungu nisingekuwa nimeua. Wengine, kwa kunifariji, wananiambia nisilie kwa sababu bado haikuwa kitu. Nani anasema kweli? (Mama mwenye huzuni)

JIBU: Mama yangu, pole sana. Hakuna kati yao aliyesema kweli, nami nasikitika kwamba ulipaswa kuyasikia maneno yote mawili.

Hukuua. Mimba ya namna hiyo kwa kawaida hutunga katika mrija wa uzazi, ambao hauwezi kutanuka ukamhifadhi mtoto. Ukiachwa hupasuka, damu huvujia ndani, na mama huweza kufa akiwa na mwanawe. Hakuna daktari popote duniani mwenye uwezo wa kumhamisha mtoto huyo na kumpandikiza katika mji wa mimba. Madaktari wako hawakuchagua kati ya uhai wako na wake, kwa sababu uhai wake haukuwa mikononi mwao kuokolewa. Waliokoa uhai uliowezekana kuokolewa. Hata Kanisa Katoliki, ambalo mafundisho yake juu ya utoaji mimba ni makali kuliko ya wengi, linakubali mama wa hali yako atibiwe kwa upasuaji. Yule dada alinena juu ya jambo asilolijua, na kumwachia Mungu hakujawahi kuwa na maana ya kumzuia daktari.

Na hao wanaosema haikuwa kitu, najua wanakupenda, lakini faraja yao inakunyang'anya haki ya kulia. Ulimpoteza mtoto. Muda mfupi aliouishi haupunguzi hilo, kama vile zamani, watoto wengi walipokuwa wakifa kabla ya kutembea, hakuna mzazi aliyefikiri kwamba mwanawe hakuwa mtu kwa sababu siku zake zilikuwa chache. Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa, mwaka 1542 aliandika maneno ya faraja kwa wanawake waliopoteza mimba au watoto wakati wa kuzaa, akawaambia kwamba kuugua kwa moyo wa mama aaminiye, hata asipoweza kutamka neno, Mungu hukupokea kama sala kwa ajili ya mtoto wake. Kanisa Katoliki nalo huwakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 tume yake ya wanateolojia ilitoa waraka mzima unaoeleza misingi ya tumaini hilo. Ukitaka, mpe mwanao jina. Mwombe mchungaji wako asali pamoja nawe na mumeo, na usimsahau huyo mumeo, maana akina baba katika msiba wa namna hii mara nyingi hawapewi pole na mtu yeyote.

Utakaposhika mimba tena, nenda hospitali mapema sana na uwaeleze yaliyokupata, kwa sababu aliyewahi kupatwa na hali hii yumo katika hatari kubwa zaidi ya kurudiwa nayo, na kipimo cha picha katika wiki za mwanzo kitaonyesha mimba imetunga wapi.

SWALI: Nilitoa mimba nikiwa na miaka 19. Sasa nina mume na watoto, na mimi ni kiongozi wa umoja wa akina mama. Nimetubu mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, lakini mahubiri yakigusa jambo hili natoka nje. Je, nijiuzulu? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Dada yangu, sitakuambia kwamba halikuwa jambo kubwa. Usingeniamini, na ningekuwa nimeyakanusha yote niliyomjibu mwalimu wa shule ya Jumapili. Lakini kanisa lilelile lililokuwa kali juu ya jambo hili halikumfungia mlango mwanamke anayetubu. Zamani sana kulikuwa na kanuni iliyomtenga na meza ya Bwana mpaka saa ya kufa. Mtaguso wa Ankira, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 314, ukailegeza kuwa miaka 10, na Basili niliyemtaja hapo juu, aliyekuwa mkali kweli, alielekeza kwamba uponyaji upimwe kwa namna ya toba ya mtu kuliko kwa hesabu ya miaka. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995 wa kuutetea uhai, aliwageukia wanawake waliotoa mimba akawasihi wasikate tamaa, na mwaka 2016 Papa Fransisko aliendeleza bila kikomo ruhusa ya kila padre kuwaondolea dhambi hii.

Kwa hiyo acha kuungama upya kana kwamba mara ya kwanza hukusikiwa. Soma 1 Yohana 1:9, uone kwamba msamaha umewekwa juu ya uaminifu wa Mungu wala haukuwekwa juu ya ukali wa majuto yetu. Huzuni inayobaki isikutishe, kwa maana mtu aliyesamehewa huweza kuomboleza, na wewe una mtoto wa kumwombolezea. Ila usiomboleze peke yako: mtafute mchungaji, padre au mshauri mwenye kutunza siri, umweleze habari yote mara moja tangu mwanzo, pamoja na sehemu ya yule aliyekupa mimba na ya wote waliokusukuma au waliokuacha peke yako, kwa sababu nadhani umebeba hata mizigo yao.

Kuhusu uongozi wa umoja wa akina mama, usijiuzulu. Hulazimiki kumsimulia yeyote habari zako. Lakini akija kwako binti mwenye mimba anayetetemeka, asiyejua atawaambia nini wazazi wake, mketishe, mpe maji, na kabla hujamuuliza chochote mhakikishie kwamba utakwenda naye nyumbani kwao.