Frimasoni: maswali kuhusu majengo yao

Stesheni ya Kigoma, mtaani wanasema ilikuwa nyumba ya Frimasoni. Kweli? (Mwanga, Kigoma)

Hapana. Ni mwisho wa Reli ya Kati waliyoijenga Wajerumani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, miezi michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jengo kuwa la kizamani si ushahidi. Loji, yaani tawi la Frimasoni, huonyesha alama yake waziwazi kwenye jengo lake, kwa kawaida juu ya mlango: bikari na skwea ya fundi zilizopandana. Jicho, ambalo watu hulihusisha nao, peke yake halitoshi, maana hata makanisa huchora jicho.

Nimeona picha ya jiwe la msingi lenye maandishi "A.L. 5893". Ni mwaka gani huo? (Isevya, Tabora)

Toa 4000, unapata 1893. A.L. ni kifupi cha Kilatini, "mwaka wa nuru": wanahesabu tangu kuumbwa ulimwengu, na wameweka tukio hilo miaka 4000 kabla ya Kristo ili hesabu iwe rahisi. Watu hukosea mara mbili hapa. Namba inayofuata "No." ni ya loji katika daftari la usajili, haihusiani na mwaka. Pia jiwe linataja siku ujenzi ulipoanza. Makao makuu ya London, mtaa wa Great Queen, jiwe liliwekwa 1927, jengo likazinduliwa 1933. Ukisoma jiwe tu, umekosea miaka sita.

Loji za mwanzo zilikuwa na majengo ya namna gani? (Ujiji)

Hazikuwa na majengo. Kwa masimulizi yao wenyewe, Loji Kuu ya kwanza, yaani chombo cha kuziunganisha loji, iliundwa na loji nne za London tarehe 24 Juni 1717, ndani ya baa ya Goose and Gridiron. Chumba ni cha kuazima, kwa hiyo alama zilichorwa sakafuni kwa chaki na mkaa; kikao kikiisha, ndoo na tambara, zinafutwa zote asije mteja akaziona. Kazi hiyo ilichosha. Wakahamia kwenye nguo iliyopakwa rangi, inayokunjwa kama mkeka, halafu mbao.

Majengo yao wenyewe yalifuata. La loji ya Canongate Kilwinning, Edinburgh, ni la 1736 na linatumika mpaka leo. Ndani, chumba ni cha mstatili, sakafu ina miraba myeusi na myeupe. Mkuu huketi mashariki, wasaidizi wake wawili magharibi na kusini. Kaskazini hakuna kiti cha kiongozi. Kiwanja kikiwa kimelala vibaya, upande wenye kiti cha mkuu huitwa mashariki hivyohivyo, kwa hiyo usiende kupima na dira ukadhani umewakamata.

Nimepata ujumbe kwenye simu: nitume ada ya fomu nijiunge Frimasoni nitajirike. (Ng'ambo, Tabora)

Usitume hata shilingi. Mwombaji wa kweli hukutana na wanachama ana kwa ana, kisha loji humpigia kura ya siri kwa gololi, nyeupe kukubali, nyeusi kukataa. Huyo aliyekuandikia hajakuuliza hata jina lako.