Barua kwa mwanangu: kuhusu Gede, na lile swali lako la kisimani

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana baada ya isha, na asubuhi nikausoma tena nikinywa chai. Unauliza mkija Disemba kama mnaweza kwenda Gede, kwenye yale magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, na kurudi siku hiyo hiyo kwa matatu na watoto, ama ukodi gari manake mdogo ana miaka minne tu na mkeo hapendi kubanwa. Ningekujibu kwa mstari mmoja yakaisha. Lakini tangu nilione hilo jina Gede usingizi ulinipaa, nikawa naikumbuka ile safari yetu ya 1988. Najua wewe wakumbuka kima na madafu, na dadako hadi leo anasema alitapika Vipingo. Mimi nakumbuka jengine.

Siku zote nasema, na babako Mungu amrehemu aliyasikia haya mpaka akachoka, mtu akitaka kuijua pwani apande gari la abiria. Gari la abiria ndo linakuonyesha mkonge wa Vipingo unaanzia wapi na unaishia wapi, mama mmoja kapanda na kuku Mtwapa, nyuma yako watu wanaongea Kigiriama, mbele mzee ana redio yake, makanga anajua nani anashuka kwa nani. Ukiwa na lako umefunga vioo utafika, ndiyo, lakini hujapita popote. Ndo nikawachukua nyinyi wawili likizo ya Agosti, babako yuko shifti bandarini, mahamri kwenye kitambaa na maji kwenye ile chupa ya juisi.

Tulifika stendi ya mabasi ya Abdel Nasser, hapa Mombasa, saa moja asubuhi. Basi halitoki mpaka lijae, likajaa saa tatu kasorobo. Na wakati huo daraja la Kilifi halipo, lilikuja kufunguliwa 1991, kwa hivo ni feri, na siku ile foleni ya malori ilikuwa imepanda mlima wote. Tukashuka tukakaa kivulini, tukala korosho, masaa mawili yakapita. Wewe ukaona ngazi zinapanda juu miti imezifunika ukaniuliza, Mama, kule juu kuna nini? Nikakwambia hakuna kitu, kaa hapa usipotee. Kumbe juu ya ngazi zile ndo Mnarani penyewe, magofu ya msikiti na lile kaburi la mnara ambalo ndo mahali pakaitwa Mnarani! Nilikuja kujua wewe ushamaliza shule. Yaani tulikaa masaa mawili chini ya magofu tukisubiri feri ituvushe kwenda kuona magofu, na mtoto wa miaka minane ndo aliyeuliza.

Gede tukafika saa nane. Ukishaingia lile lango unasikia ubaridi wa msitu shingoni, na kuta zile za matumbawe zimekaa katikati ya mizizi utadhani zimeota. Dadako alipenda Nyumba ya Mkasi, manake zile nyumba wamezipa majina kwa vitu vilivyopatikana ndani, hii ya mkasi, hii ya kauri, hii ya ushanga wa Venisi, akawa anataka kujua aliyepoteza mkasi alichapwa na mamake ama hakuchapwa. Mimi kilichonishangaza ni vyoo. Watu wana vyoo ndani ya nyumba na mahali pa kutawadhia, na lile kaburi lenye tarehe limeandikwa 802 Hijria, ndo 1399 hiyo! Sisi Majengo wakati ule choo kimoja nyumba sita. Nilisimama pale nikasikia fahari, sikwambii uongo, nikasema hawa ni watu wangu.

Halafu ndo kile kisima karibu na msikiti mkuu. We ulilala kifudifudi ukingoni ukatupa kijiwe ukategea sikio. Ukatupa chengine. Hukusikia kitu. Ukanigeukia ukaniuliza, Mama, maji yameenda wapi? Na mara hiyo hiyo, na watu je?

Ilikuwa saa tisa na nusu. Kichwani mwangu mna basi tu, basi na feri na babako atarudi akute nyumba giza. Nikakwambia nyamaza, gari litatuacha, na hukuinuka, ukarudi kutazama chini, nikakushika kola ya shati nikakuvuta. Lile shati la Idd la mistari, la kushonewa. Kifungo cha juu kikakatika kikadondokea kisimani, nacho hatukukisikia kikifika. Hukulia. Ungelia mimi ningesahau zamani. Ulinitazama tu ukashika pale shingoni, ukanifuata mpaka barabarani kimya.

Na gari halikutuacha, mwanangu. Hilo ndo linaloniuma. Tulikaa stagi kutoka saa kumi, mabasi ya kutoka Malindi yanapita yamejaa hata mlangoni hapashikiki, mpaka saa kumi na mbili kasorobo tukapata la kusimama. Karibu masaa mawili tumekaa juu ya gogo tunatazama vumbi. Ungeweza kuyakaa pale kisimani yote hayo.

Sasa najua utaniambia, si ndo sababu ya kukodi gari, Mama? Na mimi nimejiambia hivo hivo usiku. Tungekuwa na gari nisingekuvuta. Kisha nikajijibu, tungekuwa na gari ningesema tuondoke mapema tusishikwe na foleni ya feri, manake aliyekuwa na haraka ni mimi, si basi. Kisha nikasema la, usijitwike yote, mwanamke peke yake na watoto wawili usiku umeingia, ungefanya nini? Sijamaliza kubishana na nafsi yangu, miaka yote hii.

Ila swali lako nilikuja kulitafutia jibu. Nilirudi Gede na kina mama wa chama 2006, nikampata kijana mmoja anayetembeza watu nikamganda pale pale kisimani. Akanambia kile kisima kiliongezwa kina, yaani wenyewe walishaona maji yanashuka wakayafuata chini. Wengine wanasema maji ndo yaliwahamisha. Wengine wanasema ni Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini wakaivamia pwani hii 1589 wakavuruga miji, na wengine wanasema Waoromo walipokuja kutoka kaskazini. Na Wareno walikaa Malindi hapo karibu miaka chungu nzima na hawakuandika habari ya Gede hata kidogo. Yule Mwingereza Kirkman alianza kuchimba 1948 akachimba miaka kumi, akapata mpaka vyombo vya China, na bado hilo la watu halina jibu moja. Kwa hivo uliuliza swali lile lile ambalo wakubwa wamelichimbia, na mimi nikakwambia nyamaza. Nilitaka kukupigia simu siku ile. Nikaona haya, nikanyamaza mimi.

Hata juzi 2024 UNESCO ilipoiweka Gede kwenye urithi wa dunia, majirani walinikuta nalia mbele ya tivii wakadhani ni furaha tupu.

Basi, la safari. Siku moja inatosha, sasa kuna daraja na kutoka hapa Mombasa ni kama kilomita 100 tu, mkitoka alfajiri mnafika kabla jua halijakaza. Matatu mnapata nyingi, pale njia panda ya Gede kuna tuktuk mpaka langoni, hakuna shida. Mimi mtu akitaka kuijua pwani apande gari la abiria, unanijua. Lakini mkeo ni mkeo na mtoto wa miaka minne ni wenu, siingilii, amueni nyinyi. Mkikodi pia sitanuna. Nitasema kidogo tu.

Ila kwa vyovyote vile, mpitie Mnarani. Panda zile ngazi na watoto, za upande huu wa maji. Na Gede mwende kisimani kwanza, kabla ya ikulu, kabla ya nyumba yoyote, wakiwa bado hawajachoka, na saa uitie mfukoni.

Mahamri nitawakandia usiku, ya kubeba. Nambie tu ni siku gani niagize nazi mapema.

Mamako