Mkanda hautakunyoosha mgongo: majibu ya wiki hii

Maswali yenu ya mazoezi ni mengi na mengine nimeyaacha makusudi, hasa yale ya kupunguza tumbo kwa wiki mbili, manake hayo nishayajibu mpaka nikachoka na jibu mnalijua. Twende.

Kocha, kuna ule mkanda wa kuvuta mabega nyuma, wanauza mpaka ndani ya matatu. Kazi yangu ni laptopu siku nzima na shingo inaniuma. Ninunue? (Upper Hill)

Usinunue. Hili swali linarudi kila wiki. Mkanda unavuta mabega ukiwa umeuvaa, ukiuvua yanarudi palepale kwa sababu msuli haujafanya chochote, kazi yote imefanywa na mkanda. Halafu tuachane na hii imani ati kuna mkao mmoja sahihi ambao ukiushika maumivu yamekwisha. Hakuna. Kuna watu wanakaa wima kabisa tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni na bado shingo imekaza, manake shida kubwa ni kukaa vilevile masaa yote, hata kama umekaa vizuri. Kila nusu saa inuka, hata kama ni kwenda kuchukua maji na kurudi.

Sasa kazi yenyewe. Egemea ukuta, visigino viwe mbele kidogo, kiuno kiguse ukuta. Inua mikono yote miwili ikiwa imenyooka, polepole, mpaka vidole gumba viguse ukuta juu ya kichwa. Wengi wenu kabla mikono ifike juu mtasikia kiuno kinaachana na ukuta na mbavu zinatokeza mbele. Simama hapohapo, toa pumzi yote, rudisha mbavu chini, endelea mpaka pale unapoweza bila kudanganya. Fanya hivyo kila siku. Na kwa kila seti ya pushapu unayopiga, piga seti mbili za kuvuta, iwe ni raba ya mazoezi umefunga kwa mlango au kuning'inia kwa chuma. Vijana wa Nairobi mnapenda kifua sana, mgongo mnausahau kwa sababu hauonekani kwa kioo.

Itachukua siku ngapi nione mwili umejengeka? (Roysambu)

Hesabu miaka.

Nimepiga zoezi miezi mitatu, trena mpya ananiambia nibadilishe programu yote. Na kiwiko kimeanza kuuma. (Lang'ata)

Usibadilishe programu, punguza uzito wa chuma unachonyanyua. Misuli inashika nguvu ndani ya wiki kadhaa, lakini kano, zile kamba zinazoshikanisha msuli na mfupa, zinakuja nyuma polepole sana. Ndiyo maana mwezi wa tatu ndio watu wanaanza kulia viwiko na visigino, msuli unasema ongeza na kano bado haijafika huko. Shuka mpaka pale kiwiko hakilalamiki, kaa hapo wiki kadhaa, ndio upande tena kidogo kidogo.

Na hii tabia ya kubadilisha programu kila baada ya siku chache inaniuma sana. Eliud Kipchoge alishinda dhahabu ya dunia ya mita 5,000 kule Paris mwaka wa 2003 akiwa na miaka 18. Rekodi ya dunia ya marathoni aliivunja Berlin mwaka wa 2018. Hiyo ni miaka 15 katikati, na kule Kaptagat, kwenye kambi yake ya mazoezi, alirudia kazi ileile wiki baada ya wiki, barabara zilezile. Wewe miezi mitatu unataka kitu kipya. Trena anayekubadilishia kila kitu kila mwezi anataka usichoke kumlipa.

Mimi ni wa mjengo, nabeba simiti siku nzima. Kuna haja ya jimu kweli? (Embakasi)

Ya kulipa, hapana. Lakini usichanganye kazi nzito na mazoezi, ndugu yangu. Kwa mazoezi wewe ndio unachagua uzito, unaongeza kidogo, unapumzika, kesho unarudi. Kwa mjengo mfuko ni kilo 50 asubuhi na kilo 50 jioni, ulale usilale, ule usile, na mnabeba bega lilelile kila siku mpaka moja linashuka chini ya lingine, mtu akikuangalia kwa nyuma anaona. Badilisha bega kila safari. Ukitua mfuko usiurushe kwa kupinda kiuno na kuzungusha kwa wakati mmoja, geuka na miguu kwanza ndio uinamishe. Jioni fanya kile kazi haikupi: ning'inia kwa chuma sekunde thelathini mara kadhaa, kisha simama kwa mguu mmoja na uinamie sakafu polepole, kila upande.

Hapa naongea na makontrakta pia. Uingereza mfuko wa kawaida wa simiti ni kilo 25. Kwetu kijana mmoja anapandishwa ngazi na kilo 50 mgongoni siku nzima, akiumia anaambiwa kesho asirudi. Hiyo si haki na inamaliza migongo ya watu wadogo sana.

Maji hayapandi juu, nabeba mtungi wa lita 20 mpaka ghorofa ya nne. Mgongo umeanza kunichoma. (Pipeline)

Pole mama. Hiyo ni kilo 20 na zaidi ukiweka mtungi wenyewe. Kama unaweza, pata mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, uzito ni uleule lakini mwili haulali upande. Kama ni mmoja, usiuokote ukiwa mbele yako. Simama mtungi ukiwa katikati ya nyayo zako, rudisha makalio nyuma, mgongo mrefu, vuta pumzi ijae tumboni, ndio unyanyuke na miguu. Kila ghorofa pumzika na ubadilishe mkono.

Na usidharau hiyo kazi. Mwaka wa 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa kina mama Waluo na Wakikuyu wabeba mizigo, Waluo kichwani, Wakikuyu kwa kamba ya paji la uso. Walipopimwa, ilionekana wanabeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada kuliko kutembea mikono mitupu. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kilo 14. Utafiti wa mwaka wa 1995 ukaeleza kwamba siri iko kwa mwendo wenyewe, kila hatua inapoteza nguvu kidogo kuliko yetu sisi wengine. Hao walianza wakiwa watoto, wakabeba miaka na miaka. Huo ndio ustadi wa mwili, na haukutoka jimu. Sisemi turudi huko, kuna shosho walibaki na alama ya kamba kwa paji la uso. Nasema hivi vitu vinajengwa polepole, na lita 20 mpaka ghorofa ya nne zinapita hiyo asilimia kwa wengi wenu.

Dedilifti, kunyanyua chuma kutoka sakafuni, inaniumiza mgongo wa chini, kwa hivyo nameza diclofenac, dawa ya maumivu, kabla ya jimu. Niendelee? (Kasarani)

Acha vyote viwili leo. Maumivu yanakuambia kitu na wewe unayafunga mdomo ndio uongeze kilo. Hiyo dawa ukiizoea inaweza kutoboa tumbo, kuchosha figo na kupandisha presha, na pale kwa duka la dawa hawakuulizi chochote bora umelipa. Rudi kwa fimbo ya ufagio: ishike mgongoni, iguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio, kisha inama kutoka kwa nyonga bila fimbo kuachia hata sehemu moja. Ukishindwa na fimbo, chuma hakikuhusu bado.

Na wote mnisikie: ukiona mguu unaishiwa nguvu, sehemu za siri zinakufa ganzi, au mkojo na haja vinakushinda kushika, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Usiende kukandwa, usiniandikie mimi.

Nina miaka 63. Nimeambiwa kuchuchumaa kunaharibu magoti. (Buruburu)

Mzee wangu, goti linaharibika zaidi likikosa kazi. Keti kwa kiti cha jikoni, kunja mikono kifuani, simama na uketi mara tano, na ukirudi chini hesabu mpaka tatu, usijiangushe. Ikiwa rahisi tafuta kiti kifupi zaidi. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha kuanza, na siku hizo pia simama kwa mguu mmoja karibu na sinki ukiwa umeshika kidogo, kuanguka ndiko kunavunja nyonga za watu wa rika lako. Goti likivimba au kukwama, muone daktari kwanza.

Kukimbia bila viatu? (Karen)

Kwa nyasi, dakika chache, ukiongeza polepole. Kwa lami usijaribu.

Poda ya protini ni lazima? (South B)

Sio lazima. Omena, mayai, ndengu, githeri yenye maharagwe ya kutosha. Maliza hizo sahani kwanza.