Gari lililoitwa kiwandani si la kukimbiwa

Kila habari ya magari kuitwa kiwandani, yaani kampuni kuwaita wamiliki ili irekebishe kasoro iliyogundulika, inaposambaa kwenye makundi ya WhatsApp, simu yangu haikai kimya. Ndugu, majirani, watu wa kazini, wote wanauliza jambo moja: "Kaka, hiyo kampuni bado ni ya kuaminika?" Nimesindikiza watu wengi kwenye yadi za magari hapa Dar es Salaam, na ushauri wangu haujabadilika. Usiihukumu kampuni kwa sababu imeita magari yake. Ihukumu kwa muda iliokaa na siri kabla ya kuyaita.

Mfano ninaoutoa kwanza ni wa General Motors. Mwaka 2014 iliita magari yapatayo milioni 2.6 kwa ajili ya swichi ya kuwashia. Gari likirushwa na shimo, au funguo zikiwa nzito, swichi iliweza kujirudi yenyewe: injini inazima, usukani unakuwa mgumu, na ajali ikitokea mifuko ya hewa haifunguki. Spea yenyewe ni ya bei ndogo sana. Kilichowauma Wamarekani ni kujua kwamba ndani ya kampuni tatizo lilijulikana zaidi ya miaka kumi, na kwamba swichi iliboreshwa kimyakimya bila kubadilishiwa namba ya spea. Mfuko wa fidia ulikuja kukubali madai ya vifo 124. Hapo ndipo imani inapokufa, na mimi naona ni haki yake kufa.

Toyota nayo ilipita huko. Baada ya malalamiko ya magari kuongeza kasi yenyewe, Akio Toyoda, rais wa kampuni wakati huo, alisimama mbele ya Bunge la Marekani Februari 2010 akaomba radhi, na mwaka 2014 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja. Hata hivyo, mwaka 2012 ilikuwa imesharudi kuongoza dunia kwa mauzo. Watu husamehe kasoro iliyorekebishwa.

Lakini linaloninyima usingizi ni suala la Takata, kwa sababu linatuhusu sisi wa pwani moja kwa moja. Kampuni hiyo ya Japani iliuza mifuko ya hewa kwa Honda, Toyota, Nissan, Mazda, BMW, Ford na wengine wengi. Ndani yake mlikuwa na amonia nitrati, kemikali inayolipuka ili kuujaza mfuko. Ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi hadi chuma kinapasuka na vipande vinamrukia dereva. Honda ilianza mwaka 2008 kwa kuita magari elfu chache tu; wito ukapanuliwa tena na tena hadi Marekani peke yake ikafikia mifuko kama milioni 67. Takata ilifilisika mwaka 2017. Sasa fikiria joto na unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa, kisha fikiria Honda Fit iliyotoka Japani kabla ya mfuko wake kubadilishwa. Barua ya wito ilikwenda kwa mmiliki wa kwanza kule Japani. Wewe hakuna aliyekuandikia.

Kwa hiyo ukipenda gari, kabla ya kulipa, chukua namba ya chesi. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ya tarakimu na herufi 17, kwa hiyo mtandao wa serikali ya Marekani wa kukagua magari yaliyoitwa hautakusaidia. Ingia tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyotengeneza gari, sehemu ya wito, uandike namba hiyo; simu itakutafsiria ukurasa. Mimi hufanya hivyo palepale yadi, muuzaji akiniangalia. Muuzaji anayekasirika kwa hilo, mwache na gari lake.

Ukikuta gari limeitwa na halijarekebishwa, nenda kwa wakala wa kampuni hiyo nchini ukiwa na kadi ya gari na karatasi ya matokeo. Nilipompeleka dada yangu, jibu la kwanza lilikuwa "hatukuuza sisi hili gari." Tuliomba jibu hilo kwa maandishi, tukaandika barua kwa kampuni yenyewe, na baadaye akapangiwa siku. Ilichukua muda na kuchosha, lakini mfuko ulibadilishwa. Namna wakala anavyokupokea siku hiyo itakufundisha juu ya kampuni kuliko tangazo lolote la biashara.

Unaposubiri, kama kasoro iko upande wa abiria, mtu asikae kiti hicho, hasa mtoto. Usikubali fundi wa mtaani aufungue usukani, wala azime taa ya onyo kwenye dashibodi akuambie mambo yameisha. Na tafadhali usinunue mfuko wa hewa wa mtumba kutoka kwenye gari lililochinjwa: unaweza kuwa Takata ileile, yenye umri uleule.

Karatasi ya matengenezo itunze pamoja na kadi ya gari. Siku ukiliuza, mkabidhi mnunuzi zote mbili.